Umjue Anayemshauri Mwanao Mpira

Mtoto wa Mpanda anayependa mpira hana upungufu wa washauri. Shuleni yupo mwalimu wa michezo anayemwandaa kwa mashindano ya UMITASHUMTA, na akifika sekondari, kwa UMISSETA. Mtaani, iwe Makanyagio, Nsemulwa au Kawajense, yupo kaka mkubwa aliyewahi kuichezea timu ya mkoa, ambaye hadi leo watu humwita kwa jina lake la uwanjani. Pembeni ya uwanja wapo vijana wa bodaboda wanaopiga kelele za "piga mbele!" kila mpira unapomfikia. Redioni wapo wachambuzi. Na kwenye simu ya baba, bando likiwepo, wapo makocha wa dunia nzima: Mbrazili anayefundisha chenga, Mwingereza anayeuza ratiba ya kuongeza kasi, kijana wa Dar es Salaam anayejirekodi akipiga danadana na kuahidi kuwaunganisha wenzake na timu za Uturuki.

Wote wanazungumza kwa uhakika ule ule, na hapo ndipo mzazi anapochanganyikiwa. Mmoja anasema mtoto akimbie mlimani kila alfajiri, mwingine anasema apumzike. Mmoja anasema aache shule aende Dar akiwa bado mdogo, mwingine anasema asithubutu. Ukijaribu kupima kila ushauri peke yake utachoka, kwa sababu kila mmoja una sababu zake nzuri. Ninachokushauri, ndugu mzazi, ni uanze na mshauri mwenyewe. Ametokea wapi? Ameona nini kwa macho yake? Ni kitu gani ambacho, kwa mahali alipokuwa amesimama, hakuweza kukiona? Na akikosea, nani atakayelipa?

Mfano ulio wazi kuliko yote niujuao unatoka kwenye besiboli ya watoto huko Marekani. Ni mchezo wa mrushaji na mpigaji: mmoja anarusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu zake zote, mwenzake anajaribu kuupiga kwa gongo. Kwa miaka mingi waliowashauri watoto walikuwa wanaume waliowahi kuucheza, na ushauri wao ulikuwa kwamba mkono hukomaa kwa kurusha. Rusha leo, rusha kesho. Hawakuwa waongo. Wao walirusha sana na wakafika walikofika. Lakini waliofika ndio waliobaki kusimulia, ilhali walioharibika viwiko wakiwa na miaka 15 walikuwa wameshaondoka uwanjani na hakuna aliyewauliza kitu.

Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia upasuaji wa kiwiko mrushaji wa Los Angeles Dodgers, Tommy John. Alichukua kano kutoka mkono wake wa pili na kuishonea penye kano ya kiwiko iliyochanika, na mchezaji yule akarudi uwanjani. Tiba ile ilikuwa ya watu wazima wanaolipwa kwa kurusha. Miaka ilivyosonga, madaktari kama James Andrews wa Alabama wakaanza kuona kwenye meza zao vijana wa sekondari wakihitaji upasuaji uleule. Walipowauliza, walikuta ni watoto wanaorusha mwaka mzima, timu hadi timu, bila mapumziko. Mwaka 2007 Little League, shirika la besiboli ya watoto lililoanzishwa Pennsylvania mwaka 1939, lilianza kuhesabu mirusho: mtoto wa miaka 11 au 12 asizidishe mirusho 85 kwa siku, na akirusha mingi apumzike siku kadhaa kabla ya kurudi kurusha.

Mchezaji wa zamani alikuwa ameuona uwanja, na daktari alikuwa ameiona meza ya upasuaji. Kabla ya daktari kuingia kwenye mazungumzo, mchezaji alionekana kujua kila kitu, na hata yeye mwenyewe aliamini hivyo.

Sasa rudi Mpanda. Mchezaji wetu wa zamani ni hazina, na nasema hivyo kwa moyo wote. Anajua jinsi ya kutuliza mpira kwenye uwanja wenye mashimo, kitu ambacho video ya uwanja wa nyasi haikufundishi. Mwangalie akimwelekeza mtoto jioni: anamwambia asiusubiri mpira usimame mguuni, ausogelee, aguse kwa upande wa ndani wa mguu huku goti limelegea, na mguso wa kwanza aupeleke mbali na adui. Anamwambia atazame bega la beki, asitazame macho yake. Anajua hofu ya mechi ya kwanza mbele ya watu wengi na anajua maneno ya kumwambia kijana aliyekosa penati. Hayo huyapati kwenye cheti chochote. Nchi hii ina ushahidi wa kutosha kwamba mchezaji mkubwa anaweza kuwa mwalimu mkubwa. Abdallah Kibadeni aliyefunga mabao matatu Simba ilipoichapa Yanga 6-0 mwaka 1977 ndiye aliyekuwa kocha Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993.

Lakini msikilize vizuri anapozungumzia maumivu. "Sisi tulicheza tumefunga kitambaa." "Chomwa sindano, cheza, Jumatatu utapumzika." Hapo anazungumza kama wale warushaji wa Marekani, na hapo mzazi usimfuate.

Nitakaa kidogo kwenye maumivu ya goti, kwa kuwa ndiko ushauri mbaya unakowaumiza watoto wengi kimyakimya. Mtoto wa miaka 11 hadi 14 akianza kurefuka ghafla, mifupa yake inakua kwa kasi kuliko misuli. Mahali pale chini kidogo ya kikombe cha goti, ambapo kano nene inajishika kwenye mfupa wa mguu, panakuwa bado pana sehemu laini inayokua. Kila anapopiga shuti, kuruka au kukimbia, kano inapavuta. Pakivutwa sana panauma, panavimba, wakati mwingine panaota kinundu kigumu unachoweza kukigusa kwa kidole. Madaktari wanauita ugonjwa wa Osgood-Schlatter. Kwa kawaida hauhitaji upasuaji, na mara nyingi huisha wenyewe mtoto anapomaliza kukua. Unachohitaji ni kupunguza mzigo: siku chache zaidi za mapumziko kwa wiki, kuruka kidogo, kurudi taratibu maumivu yanapopungua. Kumchua kwa nguvu juu ya kile kinundu hakusaidii. Kumnunulia diklofenaki duka la dawa ili acheze fainali kunaficha maumivu tu, na maumivu ndiyo yanayomwambia aache.

Tofautisha na hali ambazo si za kusubiri: goti lililovimba mara tu baada ya kuumia, mguu usioweza kukanyaga, maumivu yanayomwamsha usiku, au kiungo kinachouma pamoja na homa. Hizo ni za hospitali, na ni leo. Aliyegongwa kichwa akayumba, akatapika au akasahau matokeo ya mechi anayoicheza, anatoka uwanjani na harudi siku hiyo, hata kama yeye mwenyewe analia kwamba yuko sawa na timu imebakiza wachezaji kumi.

Kuna jambo jingine ambalo daktari wa mbali na kocha wa kwenye simu hawawezi kuliona, ila wewe unaliona. Mtoto wa Kakese au Mwamkulu huenda asubuhi ameamkia shamba la mpunga, akatembea hadi shule na kurudi, akateka maji, halafu saa kumi na moja anaingia uwanjani. Ratiba ya mazoezi iliyoandikwa kwa ajili ya mtoto anayeletwa kwa gari inamhesabia kwamba hajachoka. Wakati wa palizi na wakati wa mavuno, mwambie mwalimu kazi ambazo mtoto amefanya nyumbani, ili mazoezi ya siku hiyo yawe ya mpira mguuni badala ya mbio. Vivyo hivyo kwa aliyetoka kuugua malaria: homa kuisha hakumaanishi nguvu zimerudi. Mwalimu mwenye madarasa mengi hawezi kujua hayo usipomwambia. Katika hili mshauri mkuu ni mzazi, na ni mzazi anayetakiwa kuzungumza kwanza.

Wapo watakaosema, huyu mwalimu wa michezo mwenyewe hajawahi kucheza popote, atatufundisha nini? Swali hilo lina majibu mengi duniani. José Mourinho hakuwa mchezaji wa kutajwa. Alisomea sayansi ya michezo, akafundisha michezo shuleni kwao Ureno, akawa mkalimani wa kocha Bobby Robson, na mwaka 2004 akachukua Ligi ya Mabingwa ya Ulaya akiwa na Porto. Lakini tuna jibu letu la nyumbani, na ni la besiboli hiyo hiyo.

Shinya Tomonari alikuwa mtumishi wa JICA, shirika la misaada la Japani, na katika miaka ya 1990 alipokuwa kazini Ghana aliifundisha timu ya taifa ya besiboli ya nchi hiyo. Alipohamishiwa Tanzania, mwaka 2012, alianza kuupeleka mchezo huo kwenye shule za sekondari za Dar es Salaam, Azania na Kibasila zikiwa za mwanzo. Hakuna mwalimu wa hapa aliyekuwa amekua na mchezo ule. Walimu walijifunza sheria sambamba na wanafunzi wao. Mwaka 2018 uwanja wa besiboli ulikamilika Azania, ukapewa jina la Koshien, kufuata uwanja maarufu wa mashindano ya shule za sekondari za Japani. Na ujumbe uliowekwa mbele ya yote ulikuwa nidhamu, heshima na haki, mambo ambayo mwalimu wa shule anayafahamu zaidi ya mtu mwingine yeyote uwanjani.

Mwalimu asiyekuwa nyota ana faida tatu ambazo nyota mara nyingi hana. Kwanza, amezoea kufundisha asiyejua, kwa hiyo anavunjavunja jambo kuwa vipande vidogo. Fundi wa mpira aliyezaliwa nao humwambia mtoto "fanya hivi," akaonyesha mwenyewe, na mtoto asipoweza kuiga, basi. Pili, mwalimu anawaona watoto wote, pamoja na yule mdogo wa umbo aliyezaliwa Novemba, anayechezeshwa pamoja na wenzake waliozaliwa Januari wa mwaka uleule. Nyota humtafuta aliye tayari. Tatu, anaona daftari la mahudhurio. Mtoto anayeanza kutoroka shule kwa ajili ya ndondo, mwalimu ndiye anayejua kabla yako.

Upungufu wake nao usiufumbie macho. Mwalimu anaandaa timu ya mashindano, na mashindano yana tarehe. Anaweza kumchezesha mtoto mechi tatu ndani ya siku mbili kwa sababu kata inataka kombe. Anaweza kumweka nyuma kila siku mtoto mrefu, ingawa urefu huo ni wa mwaka huu tu na wenzake watamfikia. Muulize kwa heshima: "Mwalimu, umesoma kozi gani ya ukocha?" Shirikisho la soka nchini, TFF, huendesha kozi za awali na za leseni za CAF, kuanzia ngazi ya D kwenda juu, na kocha aliyezipitia amefundishwa kwamba mtoto si mtu mzima mfupi. Kama hajasoma, si dhambi. Shule na wazazi wanaweza kuchangia nauli kozi inapotangazwa Tabora, Mbeya au popote ilipo karibu. Fedha hiyo itawafaa watoto wengi kuliko jezi mpya.

Kitu kimoja ambacho mwalimu yeyote anaweza kukianza wiki hii bila cheti wala vifaa ni utaratibu wa kupasha mwili moto unaoitwa FIFA 11+. Ni mazoezi ya dakika kama 20: kukimbia taratibu, kuimarisha mapaja na kiuno, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa juu ya vidole bila kuingia ndani. Ulipojaribiwa kwa wasichana wa Norway wa miaka 13 hadi 17, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha majeraha kwa ujumla kupungua kwa karibu theluthi. Huu ndio ushauri wa mbali ninaoupenda: umepimwa kwa watoto wa umri huohuo, hauhitaji fedha, na aliyeutoa hapati chochote wewe ukiufuata.

Wachambuzi wa redioni sitawasema sana. Wanafundisha kuupenda mchezo na kuusoma, na mtoto anayewasikiliza anajifunza msamiati na mifumo. Hawajamwona mwanao. Basi.

Kwa video za simu, kuna mazoezi mazuri mengi na mengine ya hatari, na kinachoyatofautisha ni umri wa aliyekusudiwa. Ukiona mtu mzima mwenye misuli anabeba vyuma, hiyo ni ratiba yake. Ukiona mtoto anarudia kupiga kichwa mipira mingi ya juu, usimruhusu wako amwige: shirikisho la soka la Marekani lilitangaza mwaka 2015 kuwazuia watoto wa miaka 10 kushuka chini kupiga mpira kwa kichwa, na Uingereza mwaka 2020 ikaelekeza watoto wa shule ya msingi wasifundishwe kupiga vichwa mazoezini. Kaa na mtoto, tazameni pamoja, kisha mwachie achague zoezi moja la kutuliza au kupiga pasi alifanye ukutani wiki nzima. Moja linatosha.

Sasa niingie kwa mshauri anayenikosesha amani kuliko wote, yule anayejiita wakala.

Kwa kawaida anaanza kwa adabu. "Shikamoo mama. Nimemwona kijana kwenye mechi, ana kipaji ambacho sijakiona mkoa huu." Mama anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Siku chache baadaye inakuja simu ya pili: kuna nafasi ya majaribio, timu iko Uturuki, au Dubai, au ni akademi ya Dar yenye uhusiano na Ulaya. Nafasi ni moja, inafungwa Ijumaa. Inahitajika fedha ya fomu, ya vipimo, ya viza. Familia inauza mahindi yaliyokuwa ya akiba, au ng'ombe, na mjomba wa Sumbawanga anachangia. Baadaye namba haipatikani. Wakati mwingine ni vibaya zaidi: kijana anasafirishwa kweli, na anaachwa kwenye mji ambako hamjui mtu.

Haya yamewapata vijana wengi wa Afrika kiasi kwamba mwaka 2000 Jean-Claude Mbvoumin, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya Kamerun, alianzisha huko Ufaransa shirika la Foot Solidaire kwa ajili ya kuwasaidia wachezaji wadogo waliotelekezwa na watu wa namna hiyo. Yeye ni mchezaji wa zamani ambaye ushauri wake naufuata kwa macho mawili, kwa sababu aliwaona walioshindwa, sio walioshinda peke yao.

Yashike haya machache ya sheria, yatakukinga kuliko hekima yoyote. FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa hali chache, mfano wazazi wenyewe wakihama kwa sababu zisizo za mpira. Kwa hiyo anayemtaka mwanao wa miaka 15 "asajiliwe Ulaya mwezi ujao" ama haijui sheria au anakudanganya. Mtazame Nestory Irankunda. Alizaliwa Kigoma, jirani zetu hapo, mwaka 2006, kwa wazazi wakimbizi kutoka Burundi, historia ambayo familia nyingi za Katumba na Mishamo zinaijua kwa undani. Familia yake ilihamia Australia akiwa mchanga, akakulia mpira huko na kuichezea Adelaide United. Bayern Munich walitangaza kumsajili Novemba 2023 akiwa na miaka 17, lakini akaenda katikati ya mwaka 2024, alipokuwa ameshatimiza 18. Kama klabu kubwa ya Ujerumani ilisubiri, wakala wa stendi ya Mpanda hana cha kuharakishia.

Pia, wakala wa kweli ni mtu mwenye leseni ya FIFA iliyotolewa kwa jina lake baada ya kufaulu mtihani. Leseni haitolewi kwa kampuni, wala haiazimwi. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya FIFA, na kijana yeyote wa kidato cha nne atakusaidia kulitafuta jina. Kwa mchezaji mdogo, wakala haruhusiwi hata kumfuata mpaka ibaki miezi sita au pungufu kabla ya umri wa kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa kwa sheria za nchi, na ni lazima awe na idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi kabla. Mkataba wa uwakilishi hauzidi miaka miwili. Mkataba wa klabu kwa aliye chini ya miaka 18 hauzidi miaka mitatu. Ukiletewa karatasi ya miaka kumi ipigwe muhuri wa serikali ya mtaa, usiweke dole gumba.

Na kuna ushauri mmoja unaoletwa kwa kunong'ona: "Tumpunguzie umri, atafika mbali." Huyo anayenong'ona hatakuwepo siku ya kulipa. Vijana wetu wa timu ya taifa, Serengeti Boys, walikuwa wamefuzu fainali za vijana za Afrika za mwaka 2005 nchini Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Timu nzima ilipoteza safari. Tangu Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009, FIFA hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwa mashindano ya chini ya miaka 17, na mfupa hausikilizi hadithi. Chukua cheti cha kuzaliwa cha RITA chenye tarehe ya kweli, mapema, mtoto angali mdogo.

Tunza pia kumbukumbu za alikocheza: shule, timu ya mtaa, mwaka hadi mwaka, pamoja na kadi za usajili. Mchezaji akija kuuzwa kati ya nchi na nchi, sehemu ya asilimia 5 ya fedha ya uhamisho hugawiwa kwa klabu zilizomlea tangu mwaka alipotimiza miaka 12 hadi 23, iwapo usajili wake unaonekana kwenye rekodi za shirikisho. Timu ndogo za mkoa wetu wa Katavi zisizosajili watoto wao zinajinyima haki hiyo, na mwalimu aliyemlea kijana kwa jasho anabaki mikono mitupu.

Kwa wasichana nataka kuongeza neno, kwa sababu washauri wao ni wachache na wengi wao huwaambia waache. Serengeti Girls walicheza Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 huko India mwaka 2022 na kufika robo fainali, timu ya kwanza ya Tanzania kufika fainali zozote za dunia za mpira wa miguu. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess kwenda Häcken ya Sweden, kisha Brighton ya Uingereza mwaka 2024. Binti wa Mpanda anayecheza anahitaji, pamoja na kocha, mwanamke mmoja mtu mzima anayemwamini: mwalimu wa kike, shangazi, dada aliyecheza. Kuna maswali ya mwili, ya safari za usiku na ya watu wazima wanaomzoea kupita kiasi ambayo hatamwuliza kocha wa kiume hata awe mwema vipi. Timu ikisafiri na mabinti bila mlezi wa kike, mzazi una haki ya kukataa, na usione aibu kulisema hilo mbele ya kikao. Kocha mwema atalipokea, kwa kuwa linamlinda na yeye.

Kabla msimu wa mashindano ya shule haujaanza, waite watu watatu nyumbani au mkutane pembeni ya uwanja: mwalimu wa michezo, mchezaji wa zamani anayemfundisha mtoto mtaani, na muuguzi au tabibu wa zahanati ya karibu. Mtoto awepo, azungumze mwenyewe. Kubalianeni siku zake za mazoezi kwa wiki, na siku ambayo hagusi mpira kabisa. Kubalianeni nani ana neno la mwisho akiumia. Napendekeza awe tabibu, na mchezaji wa zamani akubali hilo mbele ya mtoto. Wapeane namba za simu. Na ile simu ya kumsifia kijana ikiingia siku moja kutoka kwa mtu msiyemjua, jibu lake ni fupi: "Ahsante, leta jina lako kamili na namba ya leseni, kisha uongee na mwalimu wake." Umtajie namba ya mwalimu, ukate.